Kreti ya Pungufu

Mlinzi wa getini aliipokea chupa ya mwanamke, akaifungua, akainusa, kisha akamtupia jicho tumboni. Miezi saba, si mimba ya kuficha tena.

"Maji haya?"

"Maji matupu, mzee. Ya kuchemsha. Onja mwenyewe."

"Sina shaka na wewe, mama. Lakini sheria unaijua."

Aliijua. Kiwanda cha soda hakiruhusu mtu kuingia na kinywaji wala kutoka nacho, tangu fundi mmoja akamatwe na chupa tatu kiunoni akaapa kwamba alikuja nazo kutoka nyumbani. Mzee wa watu aliyamwaga maji yale mtaroni taratibu, uso kaugeuza pembeni, maana na yeye alikuwa na binti.

"Yakimwagika hayazoleki," alisema, akimrudishia chupa tupu. Labda alitaka kumchekesha. Hakucheka.

Ndani ya kiwanda, wenzake walimwita mwanamke huyu Macho. Miaka tisa alikuwa amekalia kiti kimoja, mbele ya ubao wa taa nyeupe, chupa zilizokwisha kujazwa zikimpita kwenye mkanda bila kupumzika. Unywele, mguu wa mende, ufa mwembamba kama uzi, vyote alivikamata kabla mtu mwingine hajapepesa. Chupa ambayo haikujaa sawasawa aliitia kwenye kreti kando ya goti lake. Hizo ziliitwa pungufu, na pungufu zilikuwa za wafanyakazi. Bure! Kunywa mpaka ucheue. Bomba la maji, ah, hilo lilikuwa nje, ng'ambo ya uwanja, na mkaguzi kama yeye haruhusiwi kuinuka mpaka aje wa kumshikia nafasi, ambaye huja mara moja kwa zamu, tena akipenda. Sasa nani mwenye akili zake ahangaike kutafuta maji, na soda baridi i pale pale gotini?

Aliposhika mimba hii, msimamizi alitangaza mbele ya wote: "Kreti ya leo asiguse mtu. Ya mjamzito wetu!" Wakapiga makofi. Soda ilimtuliza kichefuchefu, akacheua, akashukuru. Zikawa sita kwa siku, zikawa nane. Kadiri alivyokunywa ndivyo kiu ilivyozidi, na yeye akadhani ni joto la taa.

Jana, kliniki, muuguzi alimtoboa kidole, akasoma kipimo, akakisoma tena.

"Unakunywa nini, mama?"

"Soda, sista. Kazini wanatupa."

"Ngapi?"

"Nane. Siku ya joto, kumi."

"Kumi!" Muuguzi aliweka kalamu chini. "Sukari imekujaa kwenye damu, na mtoto ameshakuwa mkubwa kuliko miezi yake. Soda basi. Kiu ikikushika, maji. Nitakupangia na chakula. Ikifika wiki ijayo haijashuka, nakulaza." Akafunua kadi. "Wa kwanza alizaliwa na kilo ngapi?"

"Tano na robo."

"Yuko wapi?"

Macho aliangalia sakafu. Muuguzi akaelewa, akaandika kitu.

"Sista, na yule naye ilikuwa ni sukari hii hii?"

"Siwezi kujua, mama. Sikuwepo."

Kilo tano na robo! Mtoto alikwama mabega, akazaliwa bila kulia. Miaka minne imepita, bado anamsikia mama mkwe, mtoto keshafungwa shuka, akilalama, "Jamani, mtoto mnene hivi, alikosa nini?" Msiba ulipoisha yakaanza maneno ya chini chini, eti mwanamke ana mkosi. Mume wake hakumlaumu, wala hakumtetea. Na aliporudi kazini, wenzake walikuwa wamemwekea kreti nzima ya kumpa pole. Aliimaliza kwa siku mbili. Hilo ndilo lililomkosesha raha tangu jana: aliimaliza, akawaambia asanteni.

Basi leo aliketi mbele ya taa akaapa haigusi soda. Saa tatu midomo ikamkauka. Saa tano ulimi ulikuwa umeganda kwenye kaakaa, na chupa zinapita, zinapita, zote zinatoka jasho. Akainua mkono. Msimamizi akaja na tabasamu lake.

"Naomba wa kunishikia nafasi, bosi. Nikanywe maji."

"Maji?" Msimamizi alicheka, akamgeukia fundi wa mkanda. "Hebu msikie Macho! Amezungukwa na soda, analilia maji!"

"Kliniki wamenikataza soda. Wanasema mtoto..."

"Hao nao! Mke wangu amezaa watatu kwa soda, wote wazima. Dada yangu, nikimtoa mtu kule kila ukipata kiu, kazi itafanywa na nani?" Akachomoa pungufu kwenye kreti, akang'oa kisoda kwenye ukingo wa meza, akamtia chupa mkononi. "Kunywa. Kwani yule wa kwanza alikuwa na kasoro gani? Si lilikuwa bonge la mtoto?"

Alisema kwa wema kabisa, mikono mifukoni.

Kwa mazoea tu Macho aliinua chupa mbele ya taa, akaizungusha. Hakuna unywele. Hakuna ufa. Hakuna takataka hata chembe. Ilikuwa safi, na miaka tisa alikuwa akiipitisha.

Akaisimamisha kwenye mkanda, wazi hivyo hivyo, katikati ya nyingine zilizofungwa, ikaondoka nazo. Kisha akashika meza, akainuka.

"We Macho! Unakwenda wapi? Nani anatazama hapa?"

Aliuvuka uwanja jua likimpiga utosini, mikono miwili chini ya tumbo. Bomba lilikohoa kwanza, likatema maji ya uvuguvugu. Akakinga viganja, na kabla ya kunywa akaviinua juani kama alivyozoea. Maji yalikuwa na chembe mbili za kutu na kipande cha jani. Chupa ya namna hiyo angeitupa bila kufikiri.

Akayanywa. Akakinga tena. Mtoto alijigeuza tumboni, mzito, kama mtu anayehamisha kabati. Nyuma yake jina lake liliitwa mara ya pili, mara ya tatu, na kwenye mlango ulio wazi mkanda uliendelea kunguruma, chupa zikipita mbele ya taa na kiti kitupu.