Kamati ya Vitafunio ya Gitting

Mwaka ule watu wa Gitting walipong'olewa kwenye maboma yao ya mlimani na kupangwa kwenye mistari kama viazi, serikali ilikumbuka pia kwamba watu hula. Ikaleta kijitabu.

Kijitabu kilimfikia Verdiana, Bibi Maendeleo wa kata, binti wa Bukoba aliyekuwa ameshuka basi mjini Katesh akiwa na sanduku la bati, cheti cha chuo, na imani kubwa juu ya binadamu. Baada ya mwaka mmoja, sanduku lilikuwa bado zima.

Kijitabu kiliandikwa na wataalamu wa nchi fulani yenye theluji, kikafasiriwa na mtu mwenye haraka. Kilieleza jinsi ya kutengeneza vitafunio vya afya nyumbani. Hatua ya kwanza ilisema, "Usiwashe oveni." Hatua hiyo Gitting nzima ilikuwa imeitekeleza tangu enzi za mababu, bila semina. Hatua ya pili ilidai lozi, zabibu kavu na shayiri iliyopondwa. Hatua ya mwisho iliagiza vyote viwekwe kwenye jokofu.

"Jokofu ndiyo nini?" aliuliza Tekla, jirani yake.

"Ni kabati la baridi, mama Filomena."

Tekla aliutazama mlima Hanang uliojifunika wingu hadi kiunoni, akajikazia blanketi mabegani. "Basi tunaishi ndani yake. Endelea kusoma."

Tekla alikuwa mke wa Joakimu Sulle, na ujirani wake na Verdiana uliletwa na ile operesheni ya vijiji. Kabla ya hapo nyumba yake ilikuwa katikati ya shamba lake. Akisahau jembe, alirudi kulichukua kabla jasho halijakauka. Sasa nyumba ilikuwa imehamia kijijini kwenye maendeleo. Shamba lilibaki kulekule, maana halikuhudhuria mkutano. Wanawake waliondoka alfajiri na kurudi pamoja na ng'ombe. Watoto wa shule walifika nyumbani mchana wakakuta majivu yamepoa. Filomena, binti wa Tekla, alikuwa ameanza kulala juu ya dawati. Mwalimu Mbwana, mtu wa Pangani, alimchapa kwanza kwa uvivu. Alipogundua kwamba ni njaa, akaacha kumchapa. Watu walimsifu sana kwa hilo, ingawa kuacha kumchapa mtoto si sawa na kumlisha.

Jambo hilo lilimkaa Verdiana kooni. Ndiyo maana hakukitupa kijitabu. Chini ya lozi na jokofu aliona wazo lenye akili: chakula kinachofungwa kwenye pindo la kanga, kisichohitaji moto shambani wala kupashwa jioni, kilichobeba nguvu nyingi mahali padogo.

"Tuache zabibu," alisema. "Tuna nini?"

"Mahindi. Mbegu za maboga. Alizeti." Tekla alifikiri. "Karanga zipo mnadani Katesh. Na njaa, hiyo ni ya hapahapa."

"Na asali?"

"Asali ni ya Gidahosh."

Gidahosh alikuwa Mbarbaig aliyepandisha asali kutoka bondeni kwa vibuyu, na wateja wake walikuwa wazee wenye kiu. Aliposikia kwamba asali hii haiendi kwenye pombe, alimtazama Verdiana kama mtu aliyetangaza kuchinja ng'ombe apate kamba.

"Asali ya wazee unawapa watoto?"

"Watoto ndio wazee wa kesho, baba."

"Basi waisubiri hiyo kesho," alisema Gidahosh. Lakini mke wake alikuwa amekipenda kitenge cha Bukoba alichovaa Verdiana, na mwanamume mwenye busara hujua ni ugomvi upi aushinde. Kibuyu kikabaki, kitenge kikateremka bondeni.

Walianzia jikoni kwa Verdiana. Mara ya kwanza walichanganya asali mbichi na mahindi ya kukaanga. Vipande vilisambaratika mkononi, wakavila kwa kijiko na kukubaliana kwamba si haba. Mara ya pili waliichemsha asali mpaka ikawa nyeusi. Kipande kilikataa kisu, kikakataa panga, na mwishowe Tekla akampelekea mume wake aegemezee mlango.

Mara ya tatu walikuwa wameshajua adabu ya ile asali. Walikaanga mbegu za maboga na alizeti mpaka zikaanza kurukaruka, wakatwanga karanga nusunusu tu, wakachukua bisi za mahindi na kuzivunja kwa viganja. Asali waliipasha moto mdogo mpaka tone lake likawa linavutika kama uzi kati ya vidole. Wakamimina, wakakoroga haraka, wakashindilia kwenye sinia lililopakwa samli kwa kugandamiza na chini ya kikombe. Kisha wakaliacha sinia sakafuni karibu na mlango, ambako baridi ya Hanang haikuhitaji kuitwa. Baadaye kisu kilipita vizuri, na vipande vikatoka vimeshikamana, vinang'aa.

Filomena alikula kimoja, akalamba vidole, akauliza kama kuna kingine.

Mwalimu Mbwana aliletewa cha kuonja. Alitafuna kwa heshima. "Lakini Bibi Maendeleo," alisema, "si hii ni kashata?"

"Kashata ina sukari, mwalimu. Hiki ni Kipande cha Lishe Bora."

"Aa," alisema Mbwana, akachukua cha pili. "Kwetu Pangani lishe hiyo tunauziwa nje ya msikiti."

Kwa majuma machache mambo yalikwenda vizuri, kosa ambalo katika kijiji chenye uongozi madhubuti haliwezi kuachwa liendelee. Kila nyumba ilikuwa na namna yake. Wengine walitia ufuta, wengine walipunguza asali wakaongeza samli, bibi mmoja alitia maziwa ya mgando na hakuna aliyethubutu kumwuliza kwa nini. Mama alipokwenda shambani aliacha kipande kwenye kikapu juu ya kichanja, mtoto akarudi shule na kukikuta. Filomena akaanza kukaa macho darasani mpaka Mwalimu Mbwana akalalamika kwamba sasa anauliza maswali.

Habari zikamfikia Mwenyekiti.

Mzee Tomaso Bura hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kofia, redio na kijiji kizima katika mwaka mmoja, na vitu vitatu hivyo vingemlemea yeyote. Aliitisha mkutano mbele ya ghala.

"Ndugu wananchi, nimeambiwa kuna chakula cha maendeleo kinapikwa humu. Ni vizuri. Lakini kinapikwa kila mtu jikoni kwake, amejifungia mlango. Huo ni nini?"

Watu walijua jibu lililotakiwa. "Ubinafsi!"

"Ni ubepari wa jikoni!" alisema Mwenyekiti, akapumzika kidogo ili msemo wake mpya uingie vizuri. "Kuanzia leo vitafunio ni mradi wa kijiji. Asali yote, karanga zote, ziletwe ghalani. Tutaunda Kamati ya Vitafunio."

Verdiana alisimama. "Shikamoo Mwenyekiti. Naomba kusema. Hiki chakula kinafaa kwa sababu mama anakitengeneza kwake, kidogokidogo, jioni..."

"Marahaba. Bibi Maendeleo, tunakushukuru. Ulileta mbegu; sasa waachie wakulima." Akapigiwa makofi. Verdiana akakaa, masikio yakimwaka moto. Alikuwa amesomea chuoni namna ya kuwashawishi wananchi wagumu wa kuelewa. Hakuna aliyemfundisha la kufanya wananchi wakielewa upesi na uongozi ukachelewa.

Kamati ilichaguliwa palepale. Ilikuwa ya wanaume watupu, kwa kuwa wanawake walikuwa na kazi. Chini yake ikaundwa kamati ndogo ya kuonja, ili kulinda ubora.

Kamati ndogo ilijituma kuliko kamati yoyote iliyowahi kuundwa Gitting. Wajumbe waliingia ghalani mchana na kutoka jioni wakiimba. Taarifa yao kwa kijiji ilisema kwamba kwa bahati mbaya asali imechacha. Sasa, asali haichachi mpaka mtu aitie maji na mizizi na kuiweka karibu na moto, na bahati mbaya hiyo yote ilikuwa imetokea ghalani. Hata Gidahosh, alipopanda tena na kusikia yaliyotokea, alikiri kwamba kumbe kijiji kina watu wenye akili.

Ndipo ikaja habari kwamba mgeni rasmi kutoka wilayani atatembelea Gitting kuona mradi wa lishe.

Mwenyekiti hakutetereka. Ghalani kulikuwa na unga wa njano wa msaada, ule ambao watu waliuita yanga. Karanga zilikuwepo chache ambazo panya walikuwa wamezisahau. Badala ya asali, mjumbe mmoja alishauri machicha yaliyobaki kwenye mtungi wa kamati ndogo. Na kwa kuwa mgeni alipaswa kuona uzalishaji mkubwa, si vijipande vya kubana na kikombe, walichukua kalibu za matofali. Wakashindilia, wakageuza, wakaanika juani nyuma ya ofisi kwa mistari iliyonyooka kabisa.

Asubuhi ya ugeni, Mwenyekiti alijaribu kuvunja kimoja kwa mkono, kisha kwa goti. Muda mfupi baadaye alikuwa mlangoni kwa Verdiana, kofia mkononi. Tekla alikuwa ndani, akifunga kanga yake kwa safari ya shambani.

"Bibi Maendeleo, habari za asubuhi. Vile vya kwako... vile vya zamani. Huna kidogo?"

Sinia lilikuwa uvunguni mwa kitanda, limejaa. Walikuwa wameshindilia jana yake, wakiwa wamefunga mlango kama wezi, kwa asali ambayo Tekla alikuwa ameificha isiende ghalani. Ilikuwa posho ya watoto kwa juma lile la mavuno. Alikuwa mtumishi wa serikali. Barua moja ya Mwenyekiti ingetosha kumrudisha Bukoba na aibu. Alimtazama Tekla. Tekla alitazama dari.

"Mwenyekiti," alisema Verdiana, na sauti yake ilimshangaza mwenyewe kwa utulivu, "ulikataza. Tulitii."

"Mlitii?" alisema Mzee Tomaso, kana kwamba ametukanwa. "Wote?"

"Wote kabisa," alisema Tekla.

Aliondoka taratibu. Verdiana aliketi kitandani, na kicheko kilichomtoka kilikuwa karibu sana na kilio.

Mgeni rasmi alikaribishwa kwa ngoma na hotuba, kisha akaletewa sahani yenye tofali. Alikuwa mtu mzima mwenye adabu. Aliligeuza, akalipima uzito, akaling'ata pembeni. Kikasikika kitu kikivunjika. Watu hawakuweza kujua kama ni tofali au ni jino, na kwa muda uso wa mgeni ulionyesha kwamba yeye mwenyewe anafanya uchunguzi huo kwa ulimi.

"Ni imara," alisema hatimaye. Akawageukia wanawake. "Mama zangu, hebu mnieleze. Mnakitengeneza vipi nyumbani?"

Kisha Tekla akasimama.

"Shikamoo mgeni. Hatujui. Sisi wanawake hatumo kwenye kamati."

Kicheko kilianzia nyuma kwa Mwalimu Mbwana, kikaja mbele kama mvua. Mgeni hakucheka. "Nani alianzisha hiki kitu?" aliuliza.

Mpaka asubuhi ile kilikuwa kimeanzishwa na kijiji, chini ya uongozi shupavu. Sasa Mwenyekiti alinyoosha kidole mara moja. "Ni yule. Bibi Maendeleo."

Macho yote yalimgeukia. Verdiana angeweza kukana; angeweza pia kumlipa Mzee Tomaso hadharani, na maneno alikuwa nayo. Badala yake alisimama, akaenda nyumbani, akalivuta sinia na kulileta kichwani hadi mezani. Alimpita Mwenyekiti bila kumtazama.

"Hiki ndicho nilichoanzisha, ndugu mgeni," alisema. "Ni cha watoto. Naomba uchukue kimoja tu."

Mgeni alitafuna kwa upande uliobaki salama. Akauliza kuna nini ndani, na wanawake wakajibu wote kwa pamoja, wakibishana kuhusu ufuta, na yule bibi wa mgando akatetea mgando wake kwa ukali. Mzee Tomaso alitazama ardhi. Wajumbe wa kamati ndogo walikumbuka kwamba wana ng'ombe wa kufunga.

Kabla hajapanda Landrova, mgeni alisema kila nyumba iendelee kutengeneza chake, "kama majaribio." Ilikuwa njia ya serikali kusema kosa limefanyika bila kumtaja aliyelifanya. Kwenye mkutano uliofuata Mwenyekiti alitangaza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na msimamo huohuo, na akapigiwa makofi. Watu wa Gitting hawakuwa na kinyongo, na makofi hayakuwa yanakatwa kwenye mgao. Matofali yalikaa nyuma ya ofisi mpaka mvua zilipokuja. Hata kuku hawakuyagusa.

Hakuna aliyemshukuru Verdiana kwa hotuba. Lakini jioni ileile alikuta mlangoni kibuyu cha maziwa, halafu kesho yake maboga, halafu kuni, na hakuna aliyekubali kwamba ni yeye aliyeweka. Filomena alipanda darasa akiwa wa tatu, na Tekla aliitangaza nafasi hiyo kijijini kama vile mbili za juu hazikuwepo.

Siku moja ya palizi, Verdiana alikuwa akipita njia ya mashambani. Kwenye ukingo wa mahindi alimkuta Mzee Tomaso Bura ameketi peke yake, kofia magotini, shavu moja limevimba. Leso ya mke wake ilikuwa imefunguliwa mbele yake, ina vipande vinavyong'aa.

"Shikamoo Mwenyekiti," alisema Verdiana.

Mzee Tomaso alijaribu kuitikia. Mdomo ulikuwa umejaa. Aliinua mkono kuomba asubiriwe, akatafuna, akatafuna tena. Verdiana, kwa kuwa alilelewa vizuri, alisimama pale kwa heshima zote mpaka alipomeza.