Mkono wa Mama wa Gari

Rampha alifika gereji ya kampuni pale Khon Kaen, Thailand, kabla viyoyozi havijawashwa, na harufu ya kuku wa kuchoma ikaingia naye. Kesho yake ilikuwa sherehe ya hekalu, siku anayouza kuliko siku zote za mwaka, na pikapu yake ya miezi minane ilikuwa inamisi, injini ikikatakata, kila ikipanda daraja la mto Chi.

Thanakrit, kijana wa mapokezi, alikutanisha viganja kifuani, akamkaribisha maji. Akamweleza kwa upole kwamba gari bado lina waranti, kwa hiyo kutengeneza ni bure. Kinacholipiwa ni kujua cha kutengeneza. Ada hiyo ingenunua kuku wa kujaza majiko mawili.

“Nyie ndio mlioniuzia,” Rampha alisema. “Ugonjwa limetoka nao kwenu.”

“Huenda, shangazi. Lakini hatujui mpaka tuchunguze.”

Rampha alisema halipi, akavuta kiti akakaa.

Huko nyuma, muosha magari alivua shada la yasmini lililoning'inia kwenye kioo cha ndani cha pikapu, lisilowe. Alitakiwa kwanza aunganishe viganja na kumwomba ruhusa Mama wa Gari, roho anayelilinda na mwenye shada hilo, lakini foleni ilikuwa ndefu akasahau. Basi Mama wa Gari akateremka.

Alivua ndala mlangoni mwa chumba cha kusubiria, akachukua namba ya foleni. Alivaa hariri ya rangi ileile ya viti vya pikapu, na mkono wake wa kulia ulinuka dizeli. Watu walisogea wakampa nafasi. Mmoja alimletea soda nyekundu, akamchomekea mrija.

Namba yake ilipoitwa, alisema tatizo ni mpira wa mafuta, ule ulio nyuma ya chujio. Ulitoka kiwandani na ufa.

“Nimeubana kwa mkono tangu siku ya kwanza,” alisema. “Pale darajani ndipo huwa nachoka.”

Fundi alifungua, akaukuta ufa palepale, akafunga mpira mpya kabla soda haijafika nusu. Thanakrit alikiri kwamba kosa ni la kiwanda na waranti inalibeba lote. Rampha alifurahi, akawagawia mafundi mapaja ya kuku. Ndipo alipoletewa ankara ya uchunguzi.

“Nani kachunguza?”

“Mama wa Gari.”

“Si mlipeni yeye, basi.”

“Yeye keshapewa soda, shangazi. Tena kachunguzia kwenye kiti chetu.”

Chumba kizima kilicheka, na Rampha naye akacheka, maana jibu lilikuwa zuri. Meneja alitoka ofisini na paja mkononi. Alitangaza kwamba kuanzia Jumatatu Mama wote wa magari watakaribishwa ndani, na mashine ya uchunguzi itauzwa. Ada itabaki, kwa sababu bango lake lilikuwa bado jipya. Ufunguo wa pikapu ulikuwa mfukoni mwa meneja. Rampha akalipa.

Darajani gari lilipanda kama linateremka. Mama wa Gari alikaa kando yake, shada limerudi mahali pake, akila bawa kwa mkono uliopata nafasi. Aliuliza wamelipishwa kiasi gani. Rampha akamwambia.

Mama wa Gari alitafuna kwanza, akameza.

“Ungeniambia mapema,” alisema, “ningeendelea kushika.”