Mpokeaji wa Hati ya Tatu

Jumanne moja ya mwezi wa Machi, miezi mitatu baada ya bendera mpya kupandishwa, Bwana Fenner wa bima alifika Diani saa nne asubuhi na kupanga karatasi tatu juu ya meza ya barazani kwa Injinia Whitlock. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka baharini, kwa hiyo juu ya kila karatasi aliweka kijiko. Bi Whitlock alileta maji ya ndimu. Nyuma ya nyumba, Biasha binti Chirau, yaya wa watoto wao wawili, alikuwa akipiga pasi kola za mashati, na kila baada ya kola tatu alitoka nje kupepea makaa.

Injinia na mkewe walikuwa na wiki tano tu nchini. Alikuja kuchimba visima na kulaza mabomba ya maji, kwa mkataba wa miaka mitano, na alitaka kujua itakuwaje akiugua. Kila mgeni aliyehamia pwani mwaka ule aliuliza swali hilo hilo. Wengine walikuwa wameliuliza tangu melini.

Bwana Fenner akaeleza. Kwa Hati ya Kwanza, mwenye hati akiugua hurudishwa kwao kwa ndege. Kwa Hati ya Pili, hutibiwa hapa hapa, katika hospitali atakayoichagua mwenyewe. Kwa Hati ya Tatu, haugui.

"Na ugonjwa wenyewe?" akauliza Bi Whitlock.

"Unabaki nchini. Anaupokea mwingine."

Injinia akauliza kama meno nayo yamo. Bwana Fenner akasema yamo. Injinia akachagua Hati ya Tatu.

Hati hiyo ilitaka jina la mpokeaji: mtu mzima, mwenye afya, mkaazi wa wilaya. Kumtafuta na kumsomea masharti ilikuwa kazi ya karani wa kampuni, naye karani alikuwa Chande, kijana wa Ukunda mwenye miaka ishirini na sita na mwandiko uliosifiwa mpaka Mombasa. Biasha alikuwa dada yake, wa baba mmoja na mama mmoja, na Chande ndiye aliyemtafutia kazi katika nyumba ile. Akazunguka nyuma na karatasi yake.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Weka pasi kando kidogo."

Akamsomea. Mpokeaji atapokea yote ambayo mwenye hati hatayapokea.

"Nitapokea nini?" akauliza Biasha.

"Kitakachokuja."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa Bwana. Na mpokeaji hupewa Ijumaa nzima ya kupumzika, na blanketi jipya."

Mpaka siku hiyo Biasha alikuwa amepokea kutoka nyumba ile nguo mbili za watoto wake na kopo la biskuti. Hakuona ubaya wa kupokea. Chande angeweza kuongeza maneno mawili matatu, maana masharti aliyaelewa vizuri, lakini Bwana Fenner alikuwa amekwisha kuwasha gari. Biasha akafuta dole gumba kwenye leso, akalichovya kwenye wino, akalibandika.

Jumapili iliyofuata Injinia Whitlock alilala ufukweni kutwa nzima bila kofia. Aliinuka jioni mweupe kama alivyolala. Biasha, ambaye kutwa alikuwa ndani akishona vifungo, alibambuka ngozi ya mgongo na mabega, na kwa siku nne alilala kifudifudi. Bi Whitlock alimpelekea mafuta ya kupaka, akamshukuru.

Mwezi wa Mei, mvua zilipokolea na mbu kuzidi, ikaja homa. Injinia alikuwa ameumwa na mbu mikono yote miwili, lakini akaenda kazini kama kawaida. Biasha alikwenda zahanati akitetemeka. Dresa, mtu mpole, akamtia kipima joto mdomoni na kumuuliza, "Homa hii ni yako au ya kupokea?"

"Ya kupokea."

Dresa akaandika hivyo, akampa vidonge, akamweleza kuwa dawa hunywewa na mwenye mwili, si mwenye homa. Juzi kuna mpokeaji aliyempelekea tajiri wake dawa zote, akafa yeye mwenyewe.

Homa ilikuja na ndoto zake. Biasha aliota njia ya mawe iliyolowa, na mwanamke mwenye kofia akimwita kwa jina la kiume. Aliota kitu cheupe kikianguka kutoka mbinguni bila sauti, kikiganda juu ya mikono yake. Alipopata nafuu alimweleza Bi Whitlock, na Bi Whitlock akasema huyo mwenye kofia ni mama mkwe wake, na ile njia bado iko.

Mwaka ulipokwisha, nyumba za ufukweni zilikuwa na wapokeaji kumi na mmoja. Watu waliwazoea. Randu mtunza bustani alichechemea kwa jongo la kanali mmoja mstaafu. Abdurahman mpishi, ambaye hajapata kugusa ulevi, aliamka kila Jumapili na kichwa kinachopasuka na ulimi mkavu, akaenda kumuuliza imamu kama sala yake inasihi. Imamu alifikiri siku mbili, akamjibu kwamba inasihi, ila asisimame safu ya mbele. Chande ndiye aliyewaandika wote. Alipandishwa cheo, akapewa meza yenye droo.

Mwezi wa Februari mwaka uliofuata, daktari wa kampuni alimpima Injinia kwa ajili ya kuhuisha hati. Chande ndiye aliyepiga chapa majibu. Daktari aliandika kwamba hajapata kusikia moyo wa mtu wa miaka arobaini na nne unaopiga vizuri namna ile, na kwamba ni jambo la furaha, ukikumbuka kwamba baba yake na kaka zake wawili wote walikufa kwa moyo kabla ya arobaini na sita.

Chande akaitoa karatasi kwenye mashine, akaisoma tena akiwa amesimama.

Ijumaa alikwenda kwa mama yao. Biasha alikuwa amekaa kwenye kizingiti na mkono kifuani, midomo imekuwa na rangi ya zambarau. Ndoo ya maji ilikuwa hatua tano mbele yake, pale alipoitua. Alikuwa hana miaka thelathini.

"Moyo unanienda kama wa mzee," akasema. "Hautaki ngazi. Hautaki ndoo. Watoto wa Bwana wakikimbia, nawaangalia tu."

Mama yao, Bi Mishi, alikuwa akichambua mchicha. Hakuinua uso. "Aliyemwandika ni wewe," akamwambia Chande. "Nenda kafute."

Jumatatu Chande alivuka kwa feri ya Likoni, akaenda ofisini kwa Bwana Fenner. Katika chumba cha kungojea alikuwamo afisa mmoja mwananchi, mwenye tai mpya, aliyeletwa kutoka bara kushika kazi pwani. Alikuwa akitaka kujua kama Hati ya Tatu ni ya Wazungu peke yao. Bwana Fenner alimjibu kwamba mambo hayo yamekwisha; siku hizi anayetoka mbali ni mgeni, na kampuni haibagui. Afisa akafurahi, akatia sahihi.

Kisha Bwana Fenner akamsikiliza Chande mpaka mwisho. Hakuwa mtu mbaya. Alisikitika kweli, akaagiza chai.

"Jina halifutwi, Chande. Nafasi haiwezi kukaa tupu, ugonjwa utakwenda wapi? Lakini jina hubadilishwa. Nipe jingine."

"Watu wakisikia masharti, hawatakubali."

"Ikiwa mtu yuko mbali na njia ni mbovu, kampuni hutosheka na alama ya dole lake, popote ilipowekwa, pamoja na sahihi ya karani. Una alama zozote?"

Chande alikuwa nazo. Mwaka ule mvua zilikuwa zimeukataa upande wa Kinango, na ng'ombe walikuwa wakifa wamesimama. Mahindi ya manjano yaliletwa kwa meli, na kwa kuwa makarani walikuwa wachache, Chande aliazimwa wiki mbili kuandika orodha ya watu wanaogawiwa. Nakala ya orodha ilikuwa imebaki katika droo yake: majina mia tatu na arobaini, kila jina na dole lake.

Siku ya pili aliifungua. Angeweza kuandika jina lake mwenyewe. Alilifikiria hilo kwa muda mrefu, kalamu mkononi, hata wino ukakauka. Halafu akachagua alama iliyotoka safi kuliko zote, mistari yake ikihesabika kama ya gogo lililokatwa. Jina lilikuwa Jumwa wa Mwinga. Alijaribu kuukumbuka uso wake asiweze. Akaandika jina, akatia sahihi, akapulizia wino.

Saa kumi jioni siku hiyo hiyo, Biasha alipanda ngazi za nyumba ya Injinia akiwa amembeba mtoto mkubwa mgongoni, akafika juu na kugundua kwamba anaimba.

Hakumuuliza kaka yake alifanya nini. Alimpelekea mahamri na mbaazi, na Bi Mishi akamwombea dua ndefu. Ila tangu hapo Biasha hakuketi tena kula naye. Alimtengea sahani, akamnawisha mikono, akatoka akakaa uani.

Wiki ya sita ikaja barua kutoka Mombasa. Injinia Whitlock alikuwa ameamka na mafua. Mafua yake mwenyewe. Maana yake nafasi ilikuwa wazi, na karani aende akathibitishe na kuijaza.

Chande alikwenda kwa landrova ya kampuni, dereva wake Tsuma. Baada ya Shimba barabara iligeuka vumbi jekundu, kisha ikawa ni alama za magurudumu tu. Kwa Mwinga kulikuwa na nyumba mbili za udongo, zizi lisilo na kitu ndani, na watoto wanne waliokaa kwenye mstari wa kivuli cha ukuta, wakisogea kila kivuli kiliposogea. Mwinga, mumewe Jumwa, alikuwa mtu wa makamo aliyekonda. Alimpokea mgeni kwa heshima, akampa kigoda na nusu kibuyu cha maji, na Chande akayanywa, maana kukataa ingekuwa tusi.

"Pole kwa msiba, mzee."

"Tumeshapoa, mwanangu." Mwinga akakaa chini. "Alikuwa mzima. Njaa ilikuwapo, lakini njaa tunaijua. Siku moja alikwenda kutafuta maji, akarudi ameshika kifua. Tukampeleka kwa mganga, akamsikiliza, akasema moyo huu si wa hapa. Alisema ni moyo uliokula siagi miaka mingi, na nyama ya nguruwe asubuhi. Mimi siagi sijapata kuiona."

Chande akakiweka kibuyu chini.

"Siku za mwisho alisema kwa lugha nyingine. Alisikia baridi, na jua hili. Alituambia tuzibe mlango, kuna vitu vyeupe vinaingia. Watoto waliziba." Akamtazama Chande vizuri. "Wewe si ndiye uliyekuja na mahindi?"

"Ndiye mimi."

"Ahsante. Yalitufaa."

Mbuzi mmoja tu aliyebaki alipita kati yao akinusa karatasi zilizokuwa magotini mwa Chande. Mwinga akamsukuma.

"Huyo mwenye moyo," akauliza, "ni mtu mwema?"

"Ni mtu mwema. Anachimba visima."

"Atachimba huku?"

"Ni huko ufukweni, mzee."

Mwinga akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayesikia habari za jamaa wa mbali. Halafu akaonyesha karatasi kwa kidevu. "Na hiyo?"

Safari hii Chande alimsomea masharti yote, neno kwa neno, bila haraka. Alipofika mahali pa mpokeaji alisimama, akaeleza maana yake kwa Kidigo, na Mwinga akaelewa. Alipomaliza, jasho lilikuwa limemlowesha kola.

"Nikiweka dole, mahindi yatakuja?"

Katika landrova kulikuwa na magunia mawili ambayo Chande aliyanunua mwenyewe Kwale asubuhi ile. Alikuwa amejiambia kuwa ni sadaka.

"Yapo garini," akasema.

"Na kile kingine nacho kitakuja?"

"Nacho kitakuja."

"Lini?"

"Hati haisemi."

Mwinga akawageukia watoto. Walikuwa wamesogea tena, na kivuli kilikuwa kimewabakishia nafasi ya watatu; mdogo alikuwa amepakatwa. Akawahesabu kwa macho kuanzia mkubwa hadi mdogo, na kutoka mdogo kurudi kwa mkubwa.

"Mkubwa ana miaka kumi na miwili," akasema. "Nikipata misimu miwili, ataweza kulima."

Akanyoosha mkono. Dole lake lilikuwa gumu, limepasukapasuka, wino ukaingia katika nyufa, na alama ya kwanza ikatoka imevunjika. Chande akamwomba radhi, wakarudia. Ya pili ilisomeka.

Tsuma alishusha magunia, akayaegemeza ukutani. Watoto hawakuyakimbilia. Walimwangalia baba yao, ambaye alikuwa amebaki pale pale chini, mkono mmoja juu ya kifua chake, ametulia, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu aliyesikia hodi na anangoja kuisikia tena.

Chande akapanda gari. Walikuwa wameuvuka mto mkavu wa kwanza Tsuma alipouliza kama yule mzee ni mgonjwa.

"Bado," akasema Chande, na Tsuma akabadilisha gia.