Siku Kumi za Kulinda Mnanaa

Nyumbani kwangu tuko watano, na kura nne ni za wanawake: mke wangu, mabinti zetu pacha wa miaka kumi na tatu, na mama mkwe. Likizuka jambo, pacha wanakwenda upande wa mama yao kabla hata hawajalisikia jambo lenyewe. Ninayebaki naye ni mama mkwe. Huyo ndiye wakili wangu. Nikichelewa kurudi, anasema mwanaume mwenye kazi hachelewi, anakawia tu. Nikivunja kikombe, anasema kile kikombe kilikuwa na ufa tangu dukani. Watu husema mkwe huheshimiwa kwa mbali. Mimi wangu namheshimu kwa karibu, maana bila yeye ningekuwa nalala stoo na mifuko ya saruji.

Alihamia kwetu miaka miwili iliyopita, magoti yalipomshinda kupanda ngazi za kwake. Alikuja na sanduku, kiti kifupi, na kopo la rangi lenye mnanaa. Sanduku alimwachia binti yake, kiti akawaachia wajukuu. Kopo alilipakata mwenyewe njia nzima kama mtoto mwenye homa. Akaupanda ule mnanaa nyuma ya bafu, pale ambapo ardhi haikauki, na baada ya miezi sita ulikuwa umetambaa hadi kwenye njia ya choo. Ukienda kujisaidia, unarudi na miguu inanukia.

Kila asubuhi aliukata kwa mkasi mdogo, juu kidogo ya majani mawili yanayotazamana, ili penye tawi moja yachipue mawili. Mengine yalikwenda kwenye chai, mengine kwa mwenye tumbo limejaa gesi, mengine aliyakausha kivulini akayatia kwenye kabati la nguo. Mtaa mzima ulijua. Mtu akivimbiwa, hodi kwetu. Mtu akiumwa kichwa, hodi kwetu. Mama mkwe aliwapa majani hadi mikono ikajaa, lakini ukimwomba mzizi, anakuwa kiziwi.

Siku moja nilimuuliza, "Mama, huu ni mnanaa tu. Mzizi unauzuia kwa nini?"

"Nikimpa mtu mzizi, mwanangu, nimempa sababu ya kutorudi. Mimi hapa niko nyumbani kwako. Lakini hawa wanaopiga hodi, wanapiga hodi kwangu."

Nikaenda kazini.

Basi mjukuu akazaliwa kwa mwanawe mkubwa, na mama mkwe akawa anakwenda kukaa siku kumi. Asubuhi ya kuondoka aliniita nyuma ya bafu, akanionyesha tuta kama mtu anayekabidhi ofisi.

"Maji asubuhi, maji jioni. Ukiona ua, kata. Basi."

Mke wangu alikuwa anaanika nguo. Akacheka mpaka kibanio kikamtoka mdomoni. "Mama, unamwachia Baba Pacha? Huyu hata kuku wa kuchora anaweza kufa mikononi mwake."

"Mwache mkwe wangu," mama mkwe akasema. "Mtu anayejenga nyumba za watu zikasimama atashindwa na jani?"

Siku mbili nilimwagilia kama nilivyoagizwa, na nikajiona. Siku ya tatu nilipata nafasi ya kupiga lipu ukuta wa bafu, uliokuwa unabanduka. Nilichanganya, nikapiga, nikalainisha. Kazi ikatoka safi. Jioni nikaosha karai na miiko kwenye ndoo, na mkono wangu, ambao kwa miaka ishirini na tano umemwaga maji machafu mahali palepale penye mteremko, ukayamwaga.

Ndoo nzima ya maji ya saruji. Juu ya mnanaa.

Niliona asubuhi. Majani yalikuwa ya kijivu, yamekakamaa. Nikaleta maji safi, ndoo sita, nikausafisha kama ninayeosha maiti. Siku ya tano majani yakawa meusi, yakaanguka, yakabaki mashina makavu yamesimama kama ndevu za mzee aliyekosa wembe. Nikafukua kidogo: chini kulikuwa na tabaka gumu jeupe. Nilikuwa nimeupiga sakafu.

Mke wangu akaja akasimama pembeni yangu, mikono kiunoni. Mimi namjua, pale alikuwa anachagua maneno.

"Umeujengea kaburi kabisa," akasema.

"Nisaidie, mke wangu."

"Mimi? Mimi nimekata tiketi. Nangoja siku ya kumi nikae mbele."

Pacha nao wakaja kutazama. Mmoja akauliza, "Baba, bibi atalia?" Mwingine akasema, "Hatalia. Atahamia kwa mjomba."

Wale watoto hawakuwa wanatania. Bibi akikuta lile tuta, watu watapiga hodi kwa nani? Hata mimi nisingemlaumu akifunga sanduku lake.

Nikaanza kutafuta. Kwa muuza duka wana majani, wamepewa na mama mkwe. Kwa kinyozi wana majani, wamepewa na mama mkwe. Mtaa mzima hakuna mwenye mzizi. Yule bibi alikuwa amefunga mipaka kwelikweli. Jioni ya siku ya sita mke wangu akanihurumia, au labda alitaka tamthilia iwe ndefu.

"Hujajiuliza kwa nini Mama Sindano haji tena kuomba?"

Mama Sindano ni fundi wa nguo, jirani yetu wa nyuma ya ukuta. Anaitwa hivyo kwa sababu anaongea na pini midomoni, na hajawahi kumeza hata moja. Zamani alikuwa haipiti siku hajaja kuomba majani. Miezi mitatu sasa, kimya.

Nikazunguka barabarani hadi kwake. Nilimkuta kwenye cherehani.

"Karibu shemeji," akasema kupitia pini nne. "Suruali imepasuka?"

"Natafuta mnanaa. Wenye mizizi."

Cherehani ikasimama. "Mnanaa? Mimi nitautoa wapi? Mama mkwe wako si ndiye mwenyewe?"

"Naomba nipaone nyuma ya nyumba yako."

"Nyuma kuna nguo za ndani za watu."

"Nimeoa, Mama Sindano. Nguo za ndani nimeshaziona."

Akatoa pini moja moja akazichomeka kwenye kola. Kisha akanitangulia. Nyuma ya nyumba, kando ya ukuta, kulikuwa na madumu matatu yaliyokatwa vichwa, na mnanaa umeyajaa hadi unamwagika.

"Uliiba," nikasema.

"Ukuta huu nani kajenga?"

"Mimi."

"Tazama chini."

Nikainama. Kwenye msingi kulikuwa na tundu la ukubwa wa ngumi. Nilikumbuka vizuri. Saruji iliisha siku ile, nikasema nitaliziba kesho, na hiyo kesho ilikuwa haijafika. Mzizi ulikuwa umepita humo, ukatokea upande wa pili, ukachipua kwenye vumbi la vitambaa.

"Mgeni kaja mwenyewe kwa miguu yake," Mama Sindano akasema. "Nimfukuze? Nikampa madumu na udongo wake huohuo."

Tukapatana. Mimi nitamtengenezea kizingiti cha mlango wake kilicholika, yeye atanipa dumu moja na nusu. Na mama mkwe asijue kamwe, kwa usalama wetu wote wawili. Tukapeana mikono kama majambazi.

Siku ya saba nilibandua ile sakafu yangu, nikatoa udongo wote ulioharibika, nikaleta mwingine mweusi, laini. Kisha nikapanda. Sijui mtu mwingine angepandaje. Mimi nilifunga kamba kutoka kigingi hadi kigingi, nikaacha urefu wa tofali moja kati ya shina na shina, mistari sita, na nikapitisha pimamaji juu ya tuta kuona kama limelala sawa. Nikaufunika kwa gunia mchana, nikaumwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tisa ulikuwa umeinua vichwa. Kusema kweli, ulikuwa mzuri kuliko wa kwanza.

Mama mkwe akarudi siku ya kumi, saa nne asubuhi. Hakutaka maji, hakutaka kukaa. Akaenda nyuma ya bafu na mkoba bado begani. Sote tukamfuata. Mke wangu alikuwa amebeba kiti, na sidhani alikibeba kwa ajili ya mama yake.

Bibi akasimama. Akautazama mnanaa, akanitazama mimi, akautazama mnanaa.

"Umeutunza, mwanangu."

"Nimejitahidi, Mama."

Mke wangu akakohoa.

"Mimi niliuacha unarandaranda kama mbuzi wasio na mchungaji," mama mkwe akasema polepole. "Nani aliufundisha gwaride?"

"Niliupanga kidogo, Mama. Unajua mikono yangu haitulii."

"Hm."

Akainama, magoti yakalia. Akashika shina moja karibu na udongo, akaling'oa. Akalikung'uta, akaliinua juu kwenye mwanga. Kwenye mizizi kulikuwa na nyuzi. Uzi mwekundu, uzi wa buluu, uzi wa manjano, zimesokotana na mizizi vizuri kabisa, na kipande kidogo cha kitambaa cha bitana.

"Na huu," akauliza, "ulishonwa?"

Pacha wakaziba midomo. Mke wangu akakaa kwenye kile kiti.

Kusema uongo mimi najua, lakini uongo wenye nyuzi za rangi tatu ni kazi ya mafundi wengine. Nikasema, "Mama, niliuua. Niliumwagia maji ya saruji siku ya tatu. Huu umetoka kwa Mama Sindano."

"Kwa Mama Sindano." Hakukasirika. Hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kwa hiyo ana mzizi."

"Ulipita chini ya ukuta, akauweka kwenye madumu. Kuna tundu. Tundu ni langu pia."

Akatafuta mahali pa kukaa. Mke wangu akainuka haraka, kicheko kimemtoka usoni, akamwekea kiti. Bibi akakaa na lile shina mapajani, akawa anazitoa zile nyuzi moja baada ya nyingine. Niliwaza sanduku lake.

"Madumu mangapi?" akauliza mwishowe.

"Matatu. Sasa moja na nusu."

"Umejaa?"

"Unamwagika."

"Anaukatia wapi? Juu ya majani mawili au chini kabisa?"

"Sikutazama, Mama."

"Anakatia chini. Yule namjua, hata nguo hukata kwa haraka." Akainuka. "Twende."

Tukazunguka barabarani, yeye mbele, mimi nyuma nimebeba mkoba. Mlangoni kwa Mama Sindano akapaza sauti hadi kinyozi akatoka nje na wembe mkononi: "Hodi! Jamani hodi! Tumbo limenijaa gesi, nimekuja kuomba majani ya mnanaa!"

Mama Sindano akatokea. Nilidhani leo hakika atameza pini. Akanitazama mimi kwa macho ya kuua, akamtazama mama mkwe.

"Unaninyima?" bibi akauliza, mpole kama pamba. "Mimi sikukunyima hata siku moja."

"Karibu, Mama," Mama Sindano akasema kwa sauti ndogo. "Karibu ndani. Naweka chai."

Alikaa huko hadi adhuhuri. Kesho yake akarudi tena, na keshokutwa. Kumbe katika miaka miwili pale mtaani alikuwa hajawahi kupiga hodi kwa mtu, na alipoonja hakushikika. Aliporudi siku ya nne aliniita.

"Kuzunguka barabarani kunaniumiza magoti. Lile tundu lako lipanue. Nipite wima."

"Mama, huo ni ukuta."

"Najua ni nini. Na pia najua nani aliua mnanaa wangu."

Nikatoboa ukuta wangu mwenyewe, nikauwekea fremu ya mlango. Sikulipwa hata asante.

Wiki iliyofuata mke wangu na pacha waliniwekea kikao. Walitaka stoo iwe chumba cha kusomea, na mbao zangu zote ziondoke. Kura tatu kwa moja. Nikatoka mbio hadi kwenye kile kimlango. Mama mkwe na Mama Sindano walikuwa wamekaa kando ya madumu, vikombe mkononi, na bibi anamwonyesha mwenzake pa kupitisha mkasi.

"Mama, nina kesi. Wanataka kutupa mbao zangu."

"Mbao za nini?"

"Zitafaa siku moja."

Wale wanawake wawili wakatazamana, wakacheka mpaka chai ikamwagika.

"Mwanangu," akasema akijifuta macho, "hiyo siitetei. Zitoe. Na ile ndefu kuliko zote iwekee miguu iwe benchi, uje utuwekee hapa. Kiti ni kimoja na wageni wanaongezeka."

Nikaenda kutafuta msumeno.