Upande wa Kulia wa Mtakatifu Liberata

Hapakuwa na mwanamke duniani aliyejua kuivisha sanamu ya Mtakatifu Liberata kumshinda Ersilia wa Roccapiana. Naam, waliojua kazi hiyo duniani kote walikuwa wawili tu, na huyo wa pili alimshinda kwa kufunga tepe. Lakini upande wa kulia, hapo usimguse.

Maana walikuwa na pande zao. Ersilia kulia, Orsolina kushoto, mwaka wa thelathini na tisa sasa. Kila asubuhi ya mkesha wa sikukuu walijifungia sakristia, chumba cha mavazi nyuma ya altare, wakanawa mikono kwa divai, wakamvua Mtakatifu gauni lake la kila siku na kumvalisha lile la hariri ya buluu. Mwanamume haruhusiwi. Paroko mwenyewe hukaa nje kwenye benchi kama mtu anayesubiri mkewe ajifungue. Na wanachokiona mle ndani hawakisemi: kwamba Mtakatifu ana uso mzuri na mikono mizuri, ila kuanzia shingoni kwenda chini ni fito tupu, tundu la kuku lililosimama wima.

Mvishaji akizeeka humtaja mrithi wake, humwingiza sakristia, na humshika mkono kwenye pini ya kwanza. Ersilia hakuzaa. Alikuwa na mpwa, Iolanda, fundi cherehani mwenye mikono myepesi. Kosa lake moja ni kwamba mama yake aliolewa kijiji cha mlima wa pili, ambako, kwa maneno ya watu wa Roccapiana, hata ishara ya msalaba huanzia miguuni. Mwaka huu ndio Ersilia alitaka kumwingiza. Alimwambia mtu mmoja tu. Alimwambia Orsolina.

Siku nne kabla ya sikukuu Orsolina akaja, kabeba mayai kwenye aproni.

"Shoga, kaa chini nikupe habari. Mwaka huu hatuvishi."

"Hatuvishi nini?"

"Mtakatifu, nini kingine! Hariri imeliwa na nondo kwenye pindo. Paroko kaipeleka mjini kwa masista. Wataishona, na watakuja kumvisha wenyewe. Wana gari."

"Masista? Watajua pa kuanzia? Ule mkono wa kulia usipoutanguliza..."

"Yote hayo nimeyasema mpaka mate yamenikauka. Padri kijana, kichwa jiwe. Wewe pumzisha hiyo nyonga yako, mwenzangu. Iolanda tutamwingiza mwakani, na mimi mwenyewe nitamshikia sahani ya pini."

Ersilia aliamini. Kwa nini asiamini? Huyu ndiye aliyehamia kwake wiki mbili nzima alipofiwa na mume, akampikia na kumkemea ale. Na Mafalda, binti wa Orsolina, aliyempakata kwenye maji ya ubatizo ni Ersilia. Basi asubuhi ya mkesha alibaki nyumbani akikanda unga na kuwatukana masista kimoyomoyo, halafu akatubu, halafu akawatukana tena.

Siku ya sikukuu ikafika. Fataki zikalipuka mchana kweupe mpaka mbwa wakaingia mvunguni. Mashuka ya harusi yalining'inia madirishani, bendi ilipiga tarumbeta kwa bidii kuliko ujuzi, na harufu ya nguruwe wa kuchoma ilikuwa imewatoa watu kwenye misa kabla padri hajamaliza kubariki. Wanaume wanane wakamtoa Mtakatifu mlangoni, wakimshusha ngazi za mawe upande upande, na wanawake wakalia, "Ewe Liberata wetu!"

Ersilia akatazama shela aliyofunikwa Mtakatifu mabegani. Bega la kushoto, mikunjo mitatu, wa tatu umejilaza kama paka. Huo ni mkono wa Orsolina. Angeutambua hata kwa kupapasa. Bega la kulia, mikunjo mitatu vilevile, ila wa pili umekazwa mno, na pini imeingizwa kwa kutokea juu. Mkono wa mwanafunzi. Mkono ulioshikwa na mtu kwenye pini ya kwanza. Na nyuma ya sanamu alitembea Mafalda, macho hayabanduki kwenye lile bega, kama mpishi anayewatazama wageni wakionja.

Kumbe pande zote mbili zimehamia nyumba moja.

Haikuwa hasira. Hasira Ersilia aliizoea, alikuwa nayo ya kugawia majirani. Hiki kilikuwa kitu kingine. Alijiona kama aliyerudi kwake akakuta mgeni anakula kwenye sahani yake, na anayempakulia ni dada yake. Machozi yakamtoka. Jirani akampa leso na kumnong'oneza, "Mwaka huu Mtakatifu amekugusa kweli."

"Amenigusa," alisema Ersilia, akapenga kamasi.

Maandamano yalipokwisha, aliwakuta mama na binti uwanjani, kwenye meza ya mwisho, mbele yao nyama na mkate.

"Mtakatifu amependeza," Ersilia alisema.

"Si haba," alijibu Orsolina, mdomo umejaa. "Wale masista wana mikono. Sikutegemea."

"Hata mikunjo yako wameipatia."

"Niliwachorea."

"Nawe hukuingia?"

"Niingie wapi! Walifunga mlango, nikakaa benchini na paroko kama mwanamume. Nimeaibika mimi!"

Ersilia alimtazama usoni akitafuta aibu hata kidogo. Akaona chembe ya mkate.

"Basi itabidi niwaandikie masista wanirudishie karatasi yangu."

"Karatasi gani?"

"Niliiacha mwaka jana ndani ya Mtakatifu, nimeifunga kwenye ufito wa kifuani. Nilihofia nitakufa ghafla, nikaandika jina la mrithi." Karatasi hiyo Ersilia aliitunga palepale, amesimama. "Iolanda nilimtaja kwa mdomo tu, mama yake asije akaninunia. Niliyemwandika ni Mafalda."

Mkono wa Orsolina ukakwama na uma njiani. "Mafalda? Mafalda huyu?"

"Mwanangu wa ubatizo. Ningemwandika nani?"

"Lakini hapakuwa na karatasi!" Orsolina alisema kwa uchungu wa mtu aliyeiba chake mwenyewe. "Kifuani hapakuwa na kitu! Mafalda kapangusa ufito mmoja mmoja kwa kitambaa, angeiona, si angeiona..."

Mafalda aliweka kisu chini, akaanza kuvichunguza viatu vyake.

Ersilia alivuta kiti, akakaa taratibu kwa ajili ya nyonga, akamwinamia binti kwa sauti ya kubembeleza mtoto mwenye homa.

"Mafalda, mwanangu, na huo usista umeupata lini?"