Ubao wa Mama Mkwe

Mashine yetu kubwa ya kufulia nguo za wateja tuliiita Mama Mkwe, kwa sababu haikusogelewa bila adabu. Ukiigusa umesimama kwenye maji, inakufinya kwa umeme. Si sana, mkono unaruka, unacheka, kazi inaendelea. Fundi wa umeme aliikagua akasema haina waya wa kupeleka umeme ardhini, iwekewe kabla haijaua mtu. Mume wangu akamshukuru sana, kisha akaleta ubao mnene akaulaza mbele ya mashine. "Simameni hapo," alisema, "mtakufa kwa uzee." Tangu siku hiyo waya ukawa wa kesho, na kesho ya mume wangu haijawahi kufika.

Mdogo wangu ndiye aliyeigeuza mchezo. Ni kitinda mimba kwetu, na jina la Kitinda limemganda hadi utu uzima. Kila akiigusa mashine alitoa ulimi, akatetemeka mwili mzima, akapiga ukelele: "Mama Mkwe kanishika!" Wateja waliruka, mume wangu akacheka mpaka akashika mbavu. Mimi niliuchukia utani ule na nilisema wazi. Nikaambiwa nimenuna tangu nizaliwe.

Asubuhi hiyo tulikuta bomba la nyuma limevuja. Tulipiga deki chumba kizima, lakini hakuna aliyeunyanyua ubao. Juu ulionekana mkavu. Chini ulikuwa umelowa chepechepe. Kitinda alivua kandambili zake zilizoroa, akapanda ubaoni peku, akainama kutoa mashuka ndani ya mashine.

Mume wangu alikuwa anapiga pasi, mimi nakunja mataulo. Nikamwona Kitinda anatetemeka, mkono mmoja umeshika ukingo wa chuma.

"Enhe, shemeji," mume wangu alisema, akimtupia jicho na kurudi kwenye pasi yake. "Mama Mkwe kaamkaje leo?"

Hakujibiwa. Hapo ndipo nilipoliacha taulo. Kitinda hajawahi kunyamaza katika utani ule. Macho yake yalinitazama, yananiona kabisa, na meno yalikuwa yameumana. Hakuweza kupiga kelele wala kuachia. Umeme ukipita mkononi vidole hujikaza vyenyewe, na mtu anang'ang'ania kile kile kinachomuua.

"Si utani!" nilipiga kelele.

Mume wangu aliitupa pasi akamrukia. Nikampiga kikumbo, akaangukia kapu la nguo chafu. "Usimguse! Utanasa na wewe!" Swichi kuu ilikuwa ukutani, nyuma ya mlango. Niliishusha kwa kiganja. Redio ikanyamaza, taa zikazima, na Kitinda akaporomoka chini.

Alikuwa hapumui. Mshipa wa shingo ulikuwa unapiga, lakini kifua kilikuwa kimetulia. Nilimlaza chali, nikamwinua kidevu, nikambana pua, nikampulizia pumzi yangu mdomoni. Nikarudia. Mume wangu alikuwa amepiga magoti anamwita Mungu, nikamwambia amwite huku anatafuta gari. Nikapuliza tena, na Kitinda akakohoa, akavuta hewa.

Muda si mrefu alikaa, akaomba maji. Kwenye kidole cha shahada palikuwa na alama ndogo nyeupe ya kuungua, na nyingine kwenye unyayo. Hizo tu. Muuza viatu wa mlango wa pili aliingia na shauri lake: apewe maziwa, umeme utatoka.

"Mimi mzima, dada," Kitinda alisema. "Mashuka ya watu yananingoja."

"Si unamwona anaongea?" mume wangu akadakia. "Apumzike nyumbani, tusikuze mambo."

Nilimshika Kitinda kifundo cha mkono. Mapigo yalikwenda, yakaenda, kisha yakaruka moja, kama mtu anayekosea ngazi.

"Maziwa mtakunywa ninyi," nilisema. "Huyu anakwenda hospitali."

Daktari hakuzidharau alama zile. "Umeme umeingilia hapa," alisema akigusa kidole, "ukatokea hapa unyayoni. Na katikati ya njia kuna moyo. Moyo unakwenda kwa umeme wake wenyewe, mdogo sana. Ukivurugwa, unaweza kupoteza mwendo hata kama mgonjwa anaongea. Kwa hiyo leo hatalala nyumbani."

Kitinda akabandikwa nyaya kifuani, na mashine kando ya kitanda ikaanza kuchora mistari.

"Shemeji," alisema, "wamenipa Mama Mkwe mwingine."

Mume wangu alijaribu kucheka, machozi yakamtangulia.

Nilikaa ukingoni mwa kitanda nimemshika mkono. Akaanza kunibembeleza nisimgombeze mume wangu. "Usimseme sana, dada, maana hata mimi ule ubao nili..."

Akanyamaza.

"Kitinda, acha basi," mume wangu alisema. "Leo hatutaki mchezo."

Mimi kimya kile nilikuwa nimeshakijua. Nilikuwa tayari napiga kelele kumwita daktari wakati mashine ilipoanza kulia.

Walikuja mbio. Muuguzi alimbandika vibandiko viwili vikubwa kifuani, daktari akawasha kisanduku kingine. Nikatambua wanachotaka kufanya. Wanataka kumpiga mdogo wangu umeme.

"Wote kando! Asiguswe!" daktari aliamuru.

Nilisikia. Nilielewa pia kwamba ndiyo njia pekee iliyobaki. Lakini vidole vyangu vilikuwa vimemkamata Kitinda na havikufunguka.

"Mama, achia mkono!"

Nilitaka kuuachia, wallahi nilitaka. Mume wangu akaja nyuma yangu, akanishika vidole, akavifungua kimoja kimoja. "Mwachie, mke wangu," alisema sikioni. "Utanasa na wewe." Akanivuta mpaka ukutani.

Mwili wa Kitinda uliruka, ukatua. Mstari kwenye mashine ulinyooka. Kisha ukanyanyuka kilima kimoja. Kikafuata kingine. Vikaanza kufuatana, vimepangana vizuri, na daktari akashusha mabega.

Mume wangu alitoka kwenda ukumbini, nikamsikia anaongea na fundi wa umeme kwenye simu. "Njoo leo hii," alikuwa anasema kwa sauti ya kulia. "Nakuomba, kaka, leo hii."

Macho ya Kitinda yalifunguka polepole. Mkono wake ulikuwa shukani, kiganja juu, mtupu. Nilipiga hatua kuufuata, nikasimama. Tangu mama aniwekee mapajani mtoto yule mchanga sijawahi kuogopa kumgusa, na sasa niliogopa.

"Unaweza kumshika," daktari aliniambia.

Bado nilisita. Kitinda alinitazama, midomo yake ikasogea, nikainama nimsikie.

"Njoo, dada," alinong'ona. "Mimi si Mama Mkwe."

Nikamshika mkono, na kwa mara ya kwanza nikaucheka utani ule, huku nalia kwa sauti wodi nzima inasikia.