Ndege-Boti Juu ya Meza Yangu

Meza ni yangu. Mama alinipa nilipoolewa, na nimeipangusa kila siku tangu hapo, kwa hiyo mtu asije akaniambia ni ya wote. Mume wangu aliponiomba aitumie "kidogo tu" kwa modeli yake mpya, nilikubali shingo upande. Nilidhani ni zile ndege zake ndogo za plastiki zinazokaa rafuni kukusanya vumbi. Sikujua ananiletea msiba mezani.

Niliitambua siku alipounganisha mabawa na tumbo. Tumbo lilikuwa la meli, na chini lina ukingo mkali wa kupasulia maji. Bawa lilivuka meza yote likaning'inia pande mbili, na injini zimepangwa juu yake. Ndege-boti. Jeshi liliunda moja tu, dubwana la kubeba askari na mizinga yao na kutua nayo majini. Ilizama siku ya kwanza ilipojaribu kuruka, na kaka yangu akazama nayo.

"Umerukwa na akili?" nilimuuliza. "Hapa? Ninapokula?"

"Ya maonyesho," alisema bila kuinua kichwa. "Kundi la Ingekuwaje."

Chama chao cha waunda modeli kina kundi la jina hilo. Unachukua ndege ya kweli, unabadilisha jambo moja tu katika historia yake, halafu unaunda kile ambacho kingefuata. Ingekuwaje kama hii ingenunuliwa na posta? Ingekuwaje kama ile ingefungwa injini za siku hizi? Siku ya maonyesho kila mmoja husimama akataja jambo alilobadilisha. Watu wazima, wenye wajukuu, wanabishania mambo hayo mpaka chai inapoa.

"Kaka yangu si wa ingekuwaje," nilimwambia. "Kaka yangu alikufa."

Akachovya brashi kwenye gundi, akaendelea. Mume wangu akinyamaza, hata umpigie ngoma hasikii. Niliondoka na sahani yangu nikala nimepakata, na tangu siku hiyo tukawa tunakula hivyo, kila mtu na kochi lake.

Kaka na mume wangu walikuwa mafundi wa injini kikosi kimoja, na kaka ndiye aliyetukutanisha. Wenzake walimwita Spana kwa sababu haikumtoka mkononi. Hata kwenye picha ya harusi yetu inaonekana imetuna ndani ya koti la suti. Asubuhi ile ya kujaribu ndege mawimbi yalikuwa makubwa, na mafundi waliomba watu wangoje yatulie. Lakini Mkubwa wa kikosi alikuwa na wageni wake jukwaani, hakutaka waone anaogopa maji. Akaamuru ndege iondoke. Kaka alikuwa ndani ya bawa, kwenye kile kijia cha fundi kutambaa kuzifikia injini. Mume wangu alikuwa gatini, ameshika kamba aliyotoka kuifungua. Ndege ilikimbia juu ya maji, ikachomeka pua kwenye wimbi, ikakatika. Mwaka uliofuata Mkubwa alipandishwa cheo, sijui kwa kazi gani nzuri.

Sasa huyo ndiye mume wangu, anaigandisha kwa gundi ndege hiyo hiyo mbele ya macho yangu, tena anapiga mluzi.

Jioni moja akaniuliza, "Eti, wanaume wa kwenu huanza mvi au kipara?"

Nilimrushia kitambaa cha vyombo. "Kipara! Kama baba. Na kitambi. Una lingine?"

"Hapana," alisema, akatoa kitambaa begani, akarudi kwenye brashi zake.

Akaipaka rangi ya kijivu, laini, bila alama hata moja ya brashi. Nilikuwa nimenuna, lakini macho ninayo, na ilipendeza. Kesho yake nikamkuta anaiharibu. Alikuwa amechukua chumvi yangu ya jikoni akainyunyiza juu ya mabawa aliyoyalowesha maji, akapuliza rangi nyingine, halafu anaisugua chumvi ibanduke iache mabaka. Nyuma ya kila injini alichora michirizi ya mafuta. Alikata karatasi ya kung'aa ya chokoleti akabandika viraka tumboni. Mlango mmoja aliupaka rangi tofauti kabisa, kama uliotolewa kwenye ndege nyingine. Na anakausha yote hayo kwa mashine yangu ya nywele!

"Umeiunda vizuri hivyo, halafu unaichafua?"

"Siichafui. Naichakaza," alisema. "Hii ndiyo kazi yenyewe."

Nilimwambia akachakaze vitu vya kwao.

Siku ya maonyesho nilikwenda kwa sababu moja tu: bawa halikuweza kubebwa na mtu mmoja. Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, meza zimefunikwa vitambaa vyeupe, wanaume wameinama na miwani yao. Ukutani kulikuwa na bango la kumkaribisha mgeni rasmi. Nikasoma, nikasoma tena. Alikuwa Mkubwa.

"Ulijua?" nilimuuliza mume wangu.

"Nilijua."

Ningeliachia bawa lake sakafuni, ila watu walikuwa wanatutazama.

Mwenyekiti wa chama, daktari wa meno, ndiye aliyekuwa mwamuzi. Mtu aliyetutangulia alikuwa ameifunga ndege ya kivita minyororo ya tingatinga, akasimama akaeleza, akapigiwa makofi. Zamu ikawa ya mume wangu. Alisimama, mikono nyuma.

"Nimebadilisha asubuhi moja," alisema. "Walingoja mawimbi yatulie."

Akakaa. Nami nikaigeukia tena ile ndege.

Daktari wa Meno aliizunguka meza. "Lakini injini ni zile zile. Mizinga ile ile. Sioni ulichobadilisha, bwana. Hii ni ndege ya kweli, tatizo ni chafu tu."

Wakaihamishia kwenye meza ya ndege za kweli. Huko mwamuzi mwingine akaitazama dakika moja tu, akatikisa kichwa. Ya kweli haikuwa na viraka hivi, akasema, wala haikubabuka rangi. Hapa ina kasoro. Yaani kule imefukuzwa kwa kuwa ya kweli, huku inafukuzwa kwa kuwa ya uongo! Mume wangu alikuwa ametazama chini. Mwanamume aliyeinyima meza yangu pumzi miezi yote ile, sasa hata kujitetea hawezi.

Daktari wa Meno alitufuata na kile kioo chake kidogo cha kuchungulia magego, akakiingiza chini ya bawa. "Na huyu fundi hapa mlangoni, ana kipara na kitambi. Jeshi gani linarusha wazee? Ameshika nini, kijiko?"

"Spana," alisema mume wangu.

Nilimpokonya kioo. Ndani ya kioo, kwenye mlango wa bawa, amekaa mtu mdogo kuliko punje ya harage, miguu inaning'inia nje, kama mtu aliyemaliza kazi. Kichwa kinang'aa. Ni kichwa cha baba yangu. Kitambi cha baba yangu. Kaka yangu amezeeka, amechoka, na ndege yake imechakaa pamoja naye. Nililia pale pale mbele ya wanaume wa watu, nikiwa na hasira bado, na sehemu ya hasira ile ilikuwa juu yangu mwenyewe.

Hapo ndipo Mkubwa alipofika, anakongoja na mkongojo wake wenye kichwa cha fedha, wanachama wanamfuata nyuma. Mzee sana. Wote walimwamkia shikamoo. Mimi nilimnyima.

"Ahaa, ndege yangu!" alisema. Kisha akakunja uso. "Lakini mmeniaibisha. Ndege yangu haikuwa chafu namna hii."

"Haikuchafuka kwa sababu hukuipa muda, mzee," nilisema. "Ungengoja mawimbi yale, ingechafuka. Ingebandikwa viraka. Ingebadilishwa milango. Kaka yangu angeota kipara."

Daktari wa Meno alitaka kunishika mkono, nikamtazama, akaurudisha mfukoni.

"Kaka yako ni nani?" aliuliza Mkubwa, taratibu.

"Huyo hapo mlangoni. Mtazame."

Nikampa kioo. Aliinama, akapapasa mfuko wa shati, akapapasa wa koti. "Siwezi kuona," alisema. "Miwani nimeisahau kwenye gari. Labda baadaye, wageni wananisubiri mbele."

"Nenda kalete miwani," nilimwambia.

Mume wangu alivuta viti viwili akaviweka mbele ya ndege. Nikakaa, naye akakaa kando yangu.

"Nenda tu, mzee," nilisema. "Sisi tutangoja."